Pweza Ndani ya Sanduku la Kioo
Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Fuateni maneno yangu kwa macho, kwa maana yamepigwa chapa mbele yenu kama ninavyoyasema. Mwalimu amekwisha andika ubaoni majina ya miji mitatu: Messina, London, Brighton. Yatazameni vizuri. Habari zetu za leo zitapita kote huko.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya watu waliotaka kumtazama pweza akiwa hai, karibu, siku baada ya siku, na mambo waliyolazimika kuyagundua kwanza kabla hawajaweza kufanya hivyo. Siku hizi, katika Marekani na Ulaya, wako watu wanaofuga pweza sebuleni kama wengine wanavyofuga paka au kasuku. Mtu asiyejua historia hudhani ni jambo jepesi: kioo, maji na chumvi, basi. Lakini njia ya kufika hapo ilichukua zaidi ya miaka mia moja, na wa kwanza kuitembea alikuwa mwanamke mshonaji.

Ninyi mlio pwani hamhitaji kuambiwa pweza ni nini. Wanawake wa Pemba, Unguja na Mafia huenda miambani wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka mbali, kijiti au chuma mkononi. Hutambua tundu la pweza kwa vipande vya makombe na mawe vilivyotapakaa mlangoni, kwa maana pweza akila hutupa takataka zake nje. Akipatikana hupigwapigwa juu ya jiwe ili nyama ilainike. Lakini ninyi wa bara huenda hamjamwona, basi nitamweleza kwa maneno machache. Ni mnyama asiye na mfupa hata mmoja. Ana minyiri minane, na kila mnyiri una vikombe vidogo vya kunasia. Kitu kigumu mwilini mwake ni mdomo tu, unaofanana na wa kasuku. Kwa sababu hiyo pweza huweza kupenya tundu lo lote ambalo mdomo wake unapita. Ana mioyo mitatu. Damu yake ni ya buluu, kwa kuwa imejengwa juu ya shaba, nayo yetu imejengwa juu ya chuma. Hubadili rangi kwa kufumba na kufumbua, na akitishwa hutoa wino.

Mvuvi anamjua pweza vizuri, lakini anamjua wa tunduni na wa chunguni. Pweza akiwa peke yake hufanya nini? Hula nini, hulala lini, huleaje mayai yake? Hayo mvuvi hawezi kuyaona yote. Wataalamu wa Ulaya nao hawakuyaona. Walimjua pweza aliyekufa, aliyetiwa ndani ya chupa ya pombe kali asioze.

Sasa tazameni jina la kwanza ubaoni, Messina. Huo ni mji wa bandari katika kisiwa cha Sicily, upande wa kusini wa Italia. Mwaka wa 1818 alifika huko bibi mmoja Mfaransa, aliyekuja kuolewa na mfanyabiashara mwenye asili ya Ireland, Bwana James Power. Jina la bibi huyo lilikuwa Jeanne Villepreux. Alizaliwa mwaka wa 1794 katika kijiji cha Juillac, katikati ya Ufaransa. Hakupata elimu kubwa. Alijua kusoma na kuandika, na zaidi ya hapo kidogo sana. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane aliondoka kijijini akaenda Paris kwa miguu, safari ya zaidi ya kilomita 400. Huko akapata kazi kwa mshonaji wa nguo za mabibi wakubwa. Mkono wake ulikuwa mzuri mno, hata mwaka wa 1816 akatarizi nguo ya harusi ya binti wa kifalme kutoka Sicily aliyeolewa na mwana wa ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Kazi ile ikamletea sifa, na baada ya miaka miwili akaolewa.

Basi Bibi Jeanne angeweza kukaa Messina kama mke wa tajiri, akinywa kahawa na kupunga upepo. Hakufanya hivyo. Alianza kujifundisha mwenyewe habari za mimea, wanyama, mawe na mabaki ya kale. Alizunguka kisiwa chote akikusanya na kuandika, na baadaye akatoa kitabu cha kuwaongoza wageni wa Sicily. Lakini kitu kilichomshika zaidi kilikuwa baharini, bandarini pale pale.

Kuna aina ya pweza aitwaye argonauta. Yeye hakai tunduni kama pweza wetu wa mwambani. Huelea katika maji ya bahari kuu. Na jike lake hukaa ndani ya gamba jeupe, jembamba kama karatasi, zuri sana. Jambo la ajabu ni kwamba gamba hilo halikushikamana na mwili wake. Konokono ukimvuta atoke ndani ya nyumba yake utamrarua, lakini argonauta anaweza kutoka na kurudi. Kwa hiyo tangu zamani za Wayunani watu walijiuliza: gamba hili ni lake, au ameiba? Aristotle aliandika habari za mnyama huyu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Alisema hupanda juu ya maji na kusafiri kama jahazi, minyiri miwili ikiwa tanga. Hadithi hiyo ya tanga ilipendeza watu wengi, nao wakairudia kwa karne nyingi bila mtu kwenda kutazama.

Wakati wa Bibi Jeanne wataalamu walikuwa wamegawanyika. Wengine, na miongoni mwao mtaalamu mkubwa wa Paris aitwaye Blainville, walisema argonauta ni mwizi. Walimfananisha na yule kaa mdogo wa ufukweni anayeingia ndani ya gamba la konokono aliyekufa na kutembea nalo mgongoni. Wengine walisema hapana, gamba ni lake. Pande zote mbili zilikuwa na magamba makavu na maiti ndani ya chupa. Maiti haziwezi kujibu swali la namna hii.

Bibi Jeanne aliona kwamba dawa ni moja tu: kumweka argonauta akiwa hai na kumtazama tangu yai hata ukubwa. Lakini atawekwa wapi?

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye shida yenyewe. Chukua ndoo, ujaze maji ya bahari, utie samaki mmoja. Siku ya kwanza yuko salama. Siku ya pili anapanda juu anatweta. Siku ya tatu amekufa na maji yananuka. Kwa nini? Mambo mawili. La kwanza, mnyama wa majini naye anavuta hewa, ila anaivuta ile iliyochanganyika na maji. Katika bahari mawimbi huingiza hewa mpya kila saa. Katika ndoo hakuna wimbi. La pili, mnyama hula na kutoa uchafu, na uchafu huo hugeuka sumu ndani ya maji yale yale anayoyavuta. Bahari ni kubwa, sumu hupotea. Ndoo ni ndogo, sumu hubaki. Watu wa zamani hawakuyajua haya kwa majina yake, lakini waliyaona kwa macho na kwa pua.

Kuanzia mwaka wa 1832 Bibi Jeanne alianza kazi yake juu ya argonauta, akatengeneza vyombo vya namna tatu. Cha kwanza kilikuwa sanduku la kioo la kuwekwa nyumbani, likitiwa maji ya bahari, ili mnyama aonekane pande zote. Cha pili kilikuwa kioo kilichozungukwa na kizimba, ambacho kiliweza kushushwa baharini na kupandishwa tena kutazamwa. Cha tatu kilikuwa kizimba kikubwa kilichotiwa nanga bandarini, maji yakipita ndani yake. Oneni werevu wake. Mahali ambapo hakuweza kuileta bahari nyumbani, aliipeleka nyumba baharini. Wavuvi wa Messina walimletea wanyama, naye akawalisha vipande vya nyama ya makombe, akakaa juu yao saa nyingi kila siku.

Akaona nini? Aliona vitoto vya argonauta vinatoka katika mayai bila gamba lo lote. Kisha, vikiwa bado vidogo sana, vinaanza kujitengenezea. Akavunja kwa makusudi sehemu ya gamba la argonauta mkubwa, na mnyama akaliziba pengo mwenyewe. Mwizi hawezi kutengeneza alichoiba namna hiyo. Aliona pia kwamba ile minyiri miwili yenye ngozi pana, iliyosemwa kuwa ni tanga, haishiki upepo hata kidogo. Ngozi ile hulikumbatia gamba kwa nje, nayo ndiyo inayolijenga. Hivyo swali la miaka elfu mbili likajibiwa na mtu mwenye subira na sanduku la kioo. Gamba ni la argonauta mwenyewe, na jike hulitumia kutunzia mayai yake.

Mwaka wa 1834 habari hizo zilifikishwa mbele ya Accademia Gioenia, chama cha wataalamu katika mji wa Catania. Lakini Sicily ilikuwa mbali na Paris na London, na aliyesema alikuwa mwanamke asiye na cheti cha shule. Ilimpasa kuthibitisha maneno yake tena na tena, na kuwapelekea wataalamu magamba ya kila kimo, kuanzia madogo kabisa, ili waone kwa macho yao jinsi nyumba inavyokua pamoja na mwenyewe.

Kisha likampata pigo. Mwaka wa 1838 alipakia melini sehemu kubwa ya mali yake ya elimu: wanyama aliowahifadhi, vyombo, karatasi za maandishi, kazi ya miaka mingi. Meli ikazama karibu na pwani ya Ufaransa, na vyote vikaenda chini. Mtu aliyetoa siri ya mnyama baharini, bahari ikamnyang'anya daftari zake. Kama asingekuwa amekwisha peleka habari za argonauta Catania na kuzichapisha, leo tusingekuwa na somo hili. Mwaka uliofuata, 1839, mtaalamu maarufu wa Uingereza, Richard Owen, alizieleza kazi zake mbele ya chama cha elimu ya wanyama cha London, na polepole ubishi ukaisha. Owen huyo huyo aliandika mwaka wa 1858 kwamba uvumbuzi wa vyombo vile vya kuwekea wanyama wa majini ni wa Bibi Power.

Kabla ya kuondoka Messina, nitawaambia jambo moja zaidi aliloliona, kwa kuwa linahusu pweza wa kawaida, yule wa mwambani. Mwaka wa 1857 alichapisha habari kwamba alimwona pweza amekaa karibu na kombe kubwa lililosimama mchangani, ameshika jiwe kwa mnyiri. Kombe limefumba. Pweza anangoja. Kombe linapofumbua kinywa, pweza anachomeka jiwe katikati haraka, lisiweze kufumba tena, kisha anakula nyama kwa raha. Anayemwita pweza mjinga ajiulize kama yeye angekuwa na subira hiyo.

Sasa jina la pili, London. Mji huo uko mbali na bahari safi, na maji ya mto wake yalikuwa machafu mno siku hizo. Hata hivyo mwaka wa 1846 bibi mmoja, Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alileta matumbawe hai kutoka pwani ya kusini hadi nyumbani kwake. Maji ya bahari yakaletwa kwa gharama. Ili maji yasife, ilibidi yamiminwe kutoka chombo hiki kwenda chombo kile mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi, kila siku, yapate hewa. Aliyeyamimina si Bibi Thynne peke yake. Mara nyingi alikuwa mtumishi wake wa kike. Vitabu vimehifadhi jina la bibi na aina ya matumbawe, lakini jina la mtumishi hayakuandikwa popote ninapopajua. Mimi ningemtia katika orodha ya waanzilishi, kwa maana mikono yake ndiyo iliyokuwa mashine.

Baadaye mwanakemia mmoja, Robert Warington, alieleza mwaka wa 1850 jinsi mimea na wanyama wa majini wanavyoweza kusaidiana: mimea hutoa hewa ambayo wanyama huivuta. Pia kodi ya vioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka wa 1845, kwa hiyo kioo kikawa rahisi. Mwaka wa 1853 nyumba ya kwanza ya kuonyeshea samaki hai kwa watu wote ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake, na neno akwariamu likaenea kila mahali.

Ndipo ukaja wazimu. Kila nyumba yenye fedha kidogo ilitaka sanduku la kioo sebuleni. Watu walishuka pwani kwa treni, na vikapu, patasi na nyundo, wakang'oa kila kilicho hai kwenye miamba. Wanyama wengi walikufa katika juma la kwanza. Baada ya miaka michache masanduku yakatupwa, lakini miamba iliyochunwa haikupona upesi hivyo. Mtoto wa Gosse, Edmund, aliandika mwaka wa 1907 kwa majonzi kwamba mabwawa ya miambani aliyoyaona utotoni pamoja na baba yake yalikwisha haribiwa na wakusanyaji, na baba mwenyewe, bila kutaka, ndiye aliyewafungulia njia. Tunaposoma historia tuwe tunatazama pia kile kilicholipwa, na nani aliyelipa.

Pweza hakuwa mgeni rahisi wa masanduku yale ya sebuleni. Umaarufu wake ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka wa 1866 mwandishi Mfaransa Victor Hugo alitoa hadithi yenye pweza wa kutisha anayepigana na mvuvi. Watu wakashikwa na hofu, na kama mjuavyo, kitu kinachotisha ndicho watu wanachotaka kukitazama. Kwa hiyo majumba makubwa ya wanyama wa bahari yalipojengwa, moja katika Crystal Palace ya London mwaka wa 1871, na lingine Brighton mwaka wa 1872, umati ulikuja kumwona pweza.

Brighton ndilo jina letu la tatu, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Mtaalamu wa jumba lile alikuwa Henry Lee, naye alitoa kitabu kizima juu ya pweza mwaka wa 1875. Anasimulia kisa ambacho kingewafurahisha wavuvi wa Kizimkazi. Katika tangi moja walikuwamo samaki wadogo wanene. Asubuhi moja mmoja hakuonekana. Asubuhi nyingine, mwingine. Hakuna aliyeonekana akiiba, na mlango ulikuwa umefungwa. Hata siku moja mwizi akakutwa humo humo ndani: pweza wa tangi la jirani. Usiku alikuwa akipanda ukuta wake, akivuka pakavu, akiteremka kwa jirani kula, kisha akirudi kwake kabla ya mapambazuko. Siku ile alishiba akachelewa.

Tangu siku hizo watunzaji wa pweza wamejifunza jambo lile lile upya katika kila kizazi. Mwezi wa Februari 2009, katika jumba la Santa Monica, California, pweza mdogo alichezea mrija mpaka maji zaidi ya lita 700 yakamwagika sakafuni usiku kucha. Mwaka wa 2016 zilitangazwa habari za pweza wa Napier, New Zealand, aliyeitwa Inky. Kifuniko kiliachwa wazi kidogo. Akatoka, akatambaa sakafuni, akaingia katika bomba la kutolea maji lenye urefu wa mita 50 hivi, akaenda zake baharini. Hakuonekana tena.

Nitapita upesi juu ya mji wa Naples, ingawa unastahili somo lake wenyewe. Mjerumani Anton Dohrn alianzisha huko kituo cha elimu ya bahari mwaka wa 1872. Baada ya vita vikuu vya pili, Mwingereza J. Z. Young na wenzake walifanya kazi hapo, wakiwafundisha pweza kutofautisha maumbo: ukimrukia kaa aliyewekwa karibu na umbo hili utapata chakula, ukimrukia karibu na umbo lile utapata adhabu ndogo ya umeme. Pweza walijifunza, na wakakumbuka. Leo inajulikana kwamba pweza wa kawaida ana chembe za fahamu karibu milioni 500, na nyingi zaidi zimo ndani ya minyiri kuliko kichwani.

Sasa tumefika kwa yule pweza wa sebuleni. Mambo mawili yalimwezesha mtu wa kawaida, hata aliye mbali na bahari, kumfuga. Moja ni umeme, ambao huzungusha maji mchana na usiku bila kumchosha mtumishi ye yote. La pili ni chumvi ya bahari ya kutengenezwa, ambayo ilianza kuuzwa ikiwa tayari katika miaka ya 1960. Unachanganya na maji safi, unapima ukali wake, basi umepata bahari ndani ya pipa.

Lakini ile shida ya ndoo haikwenda po pote. Mfugaji wa leo huandaa tangi la lita 200 au zaidi, kisha hungoja. Hatii pweza. Anangoja wiki nyingi, pengine miezi mitatu, mpaka vijidudu visivyoonekana kwa macho vizaliane katika mchanga na mawe. Vijidudu hivyo ndivyo wafagiaji: hugeuza sumu ya uchafu kuwa kitu chenye madhara madogo. Asiyengoja huua. Shaba pia ni marufuku. Bomba la shaba au dawa ya samaki yenye shaba itamwua pweza, ingawa damu yake mwenyewe ina shaba. Kifuniko lazima kiwe kizito na kifungwe kabisa. Chakula ni kaa na uduvi, mara kwa mara, wala si rahisi kwa mfuko. Naye lazima akae peke yake, kwa maana jirani ye yote atakuwa ama chakula chake ama mlaji wake.

Anayelipa gharama hizo hupata nini? Wafugaji wengi husema pweza huwatambua. Huja kwenye kioo mtu fulani akikaribia, hunyosha mnyiri kushika kidole, hufungua chupa yenye kaa ndani. Wengine hurushiwa maji usoni. Pamoja na hayo, akili hiyo ndiyo inayotia mashaka. Mnyama anayetafuta njia kila usiku je, ametosheka na sanduku? Uingereza mwaka wa 2022 iliwaingiza pweza na ngisi katika sheria inayowahesabu kuwa ni wanyama wenye hisia. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha waweka chini ya sheria yake ya mwaka wa 2010 juu ya majaribio ya wanyama. Kwa maoni yangu, sebule si mahali pa pweza, isipokuwa kwa mtu aliye tayari kufanya kazi kama aliyoifanya Bibi Jeanne, yaani kukaa na kutazama kweli. Mwenye kutaka pambo na anunue picha.

Tena liko jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti kubwa. Pweza haishi sana. Yule wa madoa mawili wa California, anayefugwa na wengi, huishi mwaka mmoja au kupita kidogo. Jike akitaga, hata kama hakuna dume katika tangi, huacha kula. Huyashika mayai yake, huyapulizia maji, huyafagia kwa minyiri, juma baada ya juma. Rangi yake hufifia. Mfugaji humletea kaa, naye humsukuma kaa mbali. Mwaka wa 1977 mtaalamu wa Marekani, Jerome Wodinsky, alionyesha kwamba vitezi viwili vidogo karibu na macho ndivyo vinavyotoa amri hiyo. Alipoviondoa, majike yaliyaacha mayai, yakaanza kula tena, yakaishi zaidi. Kumbe mama hafi kwa kuchoka. Mwili wake mwenyewe ndio unaompa amri ya kufa.

Bibi Jeanne alirudi Juillac kutoka Paris wakati Wajerumani walipouzingira mji ule katika vita vya mwaka wa 1870, akafa kijijini mwezi wa Januari 1871, mwaka ule ule jumba la Crystal Palace lilipofungua milango yake. Kwa miaka mingi jina lake lilisahauliwa. Mwaka wa 1997 wataalamu wa nyota walilipa jina lake shimo moja kubwa katika sayari ya Zuhura.

Sasa mwalimu wenu atazima redio. Kila kikundi kijibu kwa kuandika: Bibi Jeanne alithibitishaje kwamba argonauta si mwizi? Na ninyi wa pwani, mwandikieni mwalimu mistari mitano juu ya jambo mmoja wenu aliloliona pweza akilifanya, ambalo halimo katika somo hili.